Gemu Niliyoinunua Mara Mbili

Katika biashara ya gemu hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Naliandika hili mwanzoni ili tusipotezeane muda. Nimeona mwalimu wa hisabati akifungwa mabao saba na muuza ndizi. Nimeona mtu mzima akilia machozi kwa penalti ya kwenye kompyuta, na mtu huyo huyo nilimwona msibani kwa baba mkwe wake akiwa mkavu kama kuni. Nimefungua mashine iliyokataa kuwaka, nikakuta mjusi amekaukia kwenye feni, nikamtoa, nikapuliza, ikawaka, nikatoza hela ya ufundi. Miaka ishirini na sita. Mwaka huu nimerudi kwenye migomba yangu huku juu ya Usa River, macho yamechoka na kioo, lakini kichwa kipo.

Nyie wawili mliochukua funguo za kituo changu cha gemu pale Sakina mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi. Mlisema faida mtaijua wenyewe. Sawa. Elimu yangu ni darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa, kwa hiyo mkiona koma imekaa vibaya, isogezeni.

Mwalimu wangu alikuwa Bwana Kirit, Mhindi aliyekuwa na duka la vifaa vya umeme karibu na soko kuu. Yeye, baba yake na babu yake walizaliwa Arusha hii hii, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, hasa upande wa matusi. Nilikwenda kwake kuomba kazi ya kubeba mizigo. Siku ile ya kwanza akaniwekea mbele katoni la pedi za gemu zilizorudishwa na wateja, akasema nitenge nzima na mbovu. Nikatafuta mashine ya kupimia, sikuiona. Nikamuuliza napimia nini.

Akasema, "Una masikio au huna?"

Basi nikakaa chini nikaanza kuzisikiliza. Kijiti cha pedi nzima ukikisukuma kikirudi kinagonga mara moja, tak. Kibovu kinakwaruza kidogo kabla ya kurudi, kama mtu anayesita mlangoni. Mpaka saa sita mchana nilikuwa nimemaliza katoni. Akachukua tatu kutoka kila fungu, akazichomeka kwenye mashine, zote zilikuwa vile nilivyosema. Hakunisifu. Aliniambia nirudi kesho, na hiyo ndiyo barua pekee ya ajira niliyowahi kupewa. Mpaka leo mkiniletea pedi nitaisikiliza nikiwa nimefumba macho, na sitakosea.

Bwana Kirit alikuwa na utaratibu mmoja uliokuwa unanichosha. Hakununua mzigo kwa mtu mgeni kabla hajaenda kwake. Sisemi ofisini, nasema nyumbani. Anaenda, anakunywa chai, anautazama mlango, anasikiliza mke wa yule bwana anavyoita watoto, ndipo anarudi dukani kutoa hela. Mara moja tulipanda mpaka Momela kwa mtu aliyekuwa anauza televisheni za nyumba ya wageni iliyofungwa. Televisheni zilikuwa nzuri. Tukanywa chai, tukaaga, tukaondoka mikono mitupu, kwa sababu yule mtu alipoulizwa nyumba ile ni ya nani alitaja majina mawili tofauti. Njiani nilinung'unika. Akaniambia, "Zebedayo, hela yako usimpe mtu ambaye huwezi kumfuata kwake." Mimi nikaona ni uzee.

Baada ya miaka minne kwake nikafungua changu Sakina, kando ya barabara ya Nairobi. Kilianza kama kibanda umiza cha kawaida, televisheni moja ya kuonyesha mpira, mabenchi, na mashine mbili za gemu pembeni. Watu walikuja kwa mpira wakabaki kwa gemu. Nikatoa mabenchi, nikaingiza kompyuta moja moja, mpaka zikafika kumi. Hakuna benki iliyonishika mkono. Niandikieni hapo kwa wino mzito.

Sasa kazi yenyewe. Adui yenu pale si mteja wala umeme, ni vumbi. Mabasi yanapita, malori yanapita, mafundi wa jirani wanapuliza vichujio vya hewa vya magari barabarani, na vumbi letu lile laini kama unga linaingia mpaka ndani ya mambo ya watu. Mashine ya dirishani hufa kwanza siku zote. Kwa hiyo kila Jumatatu asubuhi kabla ya kufungua, zima zote, fungua mifuniko, tumia ile brashi ya rangi ya inchi moja niliyowaachia kwenye droo. Msiidharau. Kuna kijana wa mjini alikuja kuniuzia kifaa cha kisasa cha kupulizia, kikafa mwezi wa pili, kwa vumbi. Brashi ile ina miaka kumi na tisa na imebadilishwa mpini mara moja.

Kuhusu gemu zenyewe, sitawaficha. Miaka ya mwanzo zote zilikuwa za kuchomwa. Unanunua santuri moja, unachoma hamsini, mji mzima tulikuwa hivyo. Gemu zile tulizichukulia kama mvua, zinatoka juu tu. Haikutupitia akilini kwamba waliozitengeneza nao wanakula. Kilichotufanya tuache hakikuwa kuogopa dhambi, ilikuwa ni hasara: gemu zikaanza kutaka mtandao, zikawa zinajirekebisha kila mwezi, na ya kuchomwa inabaki nyuma kama saa iliyosimama. Wateja wakaanza kuuliza za halali.

Hapo ndipo nilipoingia kwenye lile duka kubwa la mtandaoni. Nadhani nilikuwa mtu wa kwanza barabara ile kuwa na kadi ya benki iliyokubali kununua nje ya nchi. Duka lile, msije mkasema nalisema vibaya, lilikuwa raha. Unabonyeza, unalipa, gemu inashuka yenyewe. Sikukuu zao zikifika bei zinaanguka mpaka unaona aibu kutonunua. Kompyuta ikiungua, unafungua akaunti yako kwenye nyingine, gemu zote zipo zinakusubiri. Nikasema hawa ndio wafanyabiashara wenzangu.

Wateja wakaanza kuniletea hela zao. Wengi hawakuwa na kadi. Mtu ananipa taslimu, au ananitumia kwa simu, ananiambia ninunulie gemu fulani. Na hapa ndipo nilipobuni mfumo wangu, ambao hakuna mtu aliyenifundisha. Badala ya kumfungulia kila mmoja akaunti yake, mambo ya barua pepe na nywila ambazo atazisahau kabla ya kufika kituo cha Kwa Mangi, nilizinunua zote kwenye akaunti yangu. Kwetu ndivyo tunavyoishi. Kitambaa chako kinakaa kwa fundi cherehani, pikipiki yako inalala gereji, na hakuna anayeona ajabu. Mali ya mteja hukaa kwa fundi. Akaunti yangu ikawa kabati la watu thelathini na wanne.

Duka lile lilikuwa na kizuizi chake: akaunti moja, mchezaji mmoja kwa wakati. Nikakizunguka. Niligundua kwamba ukishafungua gemu ukakata mtandao, mashine haimsemi mtu, na mashine zote kumi zinaweza kucheza kutoka kabati moja. Kwa wale waliocheza gemu za kutaka mtandao nikapanga zamu, nikaibandika ukutani kama zamu ya bomba la maji. Juu yake mchora mabango akaniandikia kwa rangi ya bluu: MALI YAKO IKO SALAMA KWANGU. Neno hilo ndilo lililonijengea jina Sakina. Watu hawakuja kwa sababu ya kompyuta, kompyuta ziko tele. Walikuja kwa neno lile.

Mteja wangu mkubwa alikuwa Sixtus, dereva wa magari ya watalii, Mchagga wa Marangu. Wiki nzima anaendesha wageni porini, akirudi anaoga, anakuja kwangu kucheza gemu ya kuendesha lori. Nilimuuliza kama hachoki na usukani. Akasema lori lile halina mzungu anayeuliza twiga analala saa ngapi. Alikuwa ameanza na lori moja la mkopo, na ndani ya miaka mitatu akawa na kampuni ya malori arobaini, yote ndani ya gemu. Nikamwambia, "Mangi, hata kwenye mchezo umeshindwa kucheza, umefungua biashara." Akanijibu kwamba ndiyo maana mimi nina mashine kumi za kweli na yeye ana malori arobaini.

Siku moja mchana akaja mwanamke wa kama miaka ishirini na sita, amevaa buti za mpira, ana mkoba wa kompyuta. Akanipa shikamoo, akasema anaitwa Naomi, anatoka Usa River, ana gemu anauza. Nikamuuliza anauza gemu gani. Akasema anauza aliyoitengeneza mwenyewe.

Nikamwambia akae aonyeshe. Gemu iliitwa Shina Sitini. Uko kwenye banda la kupakia maua, waridi zinakuja mezani, unazipanga kwa urefu wa shina, za sentimita arobaini, za hamsini, za sitini, na ndege ya mzigo inaondoka jioni. Ukikosea, msimamizi anarudisha ndoo nzima. Ukichelewa, maua yanabaki, unakatwa mshahara. Nilidhani ni upuuzi. Nikacheza dakika kumi, zikawa saa nzima, na chai ikapoa. Naomi alisema mama yake alifanya kazi hiyo miaka kumi na moja, na yeye mwenyewe misimu miwili. Sauti ya mkasi kwenye gemu ilikuwa mkasi wa mama yake, aliirekodi.

Bei ilikuwa elfu kumi na tano. Anakupa faili kwenye flashi, anakuandikia risiti kwa mkono, na jina la mnunuzi linaandikwa ndani ya gemu, kwenye ubao wa wafanyakazi ukutani.

Nikamuuliza mbona haiko kwenye duka la mtandaoni. Akasema kule kuna ada ya kuingiza, na kila ikiuzwa wanachukua kipande chao kinono, na hela yenyewe hawatumi mpaka ifike kiwango fulani. Akasema, "Ukinunua kwangu, mzee, hela ni yangu leo na gemu ni yako moja kwa moja. Hata mimi nikifa inafunguka."

Ningesema nini, mimi Zebedayo, mwenye gemu zaidi ya mia kwenye kabati? Nilimwambia hivi, na mameno yalikuwa nje: "Binti, gemu isiyo dukani ni kama mtu asiye na kitambulisho. Huenda yupo, lakini nani atamwamini? Nenda ukaiweke dukani. Siku ikiwa kule, mteja wako wa kwanza ni mimi."

Alinitazama kidogo. Akaniuliza, "Kwani hapa ulipo umeniona au hujaniona?"

Watu walikuwa wanasikiliza, kwa hiyo nilicheka nikasema biashara ni biashara. Akafunga kompyuta yake, akaniaga kwa adabu, akaenda zake. Hapo ndipo Bwana Kirit angenikanyaga mguu chini ya meza. Mtengenezaji wa bidhaa alikuwa amekaa mbele yangu, kwao ni mwendo mfupi kwa barabara ya Moshi, mama yake anajulikana. Mimi nikamtuma akapitie kwa watu ambao hata mlango wao sijawahi kuuona.

Baada ya miezi mitano akanipigia kwamba imeingia. Bei elfu ishirini na mbili, maana na kipande cha duka kilipaswa kutoka mahali. Nikainunua siku hiyo hiyo, mbele ya wateja, nikageuza kioo waone. Nikasema mimi nikiahidi natimiza. Wakapiga makofi. Ikaingia kabatini pamoja na nyingine.

Haikufika mwezi, nikafungua asubuhi nikakuta mashine zote zinaonyesha maandishi ya Kiingereza kwenye boksi jekundu. Sixtus alikuwa mapumzikoni, nikamwita asome, maana Kiingereza ndicho kinachomlisha. Akasema duka limeifunga akaunti kwa muda, wameona inafunguliwa kwenye mashine nyingi, wanataka mwenye akaunti athibitishe kwamba ni yeye.

"Wajibu," nikamwambia.

"Naandika ndiyo, ni mimi. Basi."

"Andika ndiyo, ni mimi. Halafu waeleze mimi ni nani."

Nikakaa nikamtajia. Kwamba nina kituo cha gemu kikubwa kuliko vyote barabara ya Nairobi. Kwamba nina mashine kumi na wateja thelathini na wanne ambao wote gemu zao ziko kwenye akaunti yangu hii moja. Nikaeleza zamu. Nikaeleza hata ule ufundi wa kukata mtandao, maana nilitaka wajue wanazungumza na mtu anayeelewa. Mwishoni nikaomba waniteue kuwa wakala wao Kanda ya Kaskazini.

Sixtus akaacha kuandika. "Mzee Zebe, hiki kipengele cha kukata mtandao tukitoe."

"Kwani nimeiba? Kila gemu nimelipia."

"Sijasema umeiba. Wao wameuliza jina, wewe unawapa wasifu wa marehemu."

Nikamwambia aandike kama nilivyosema. Akaandika, akatuma. Siku mbili tukasubiri uwakala. Jibu lilikuja mistari minne, Sixtus akanisomea pole pole. Akaunti ni ya mtu mmoja kwa matumizi yake binafsi. Nimekiri mwenyewe kuitumia kibiashara na kuigawa kwa watu. Imefungwa moja kwa moja. Wananishukuru.

Nikamuuliza gemu ziko wapi. Akasema ziko kule. Nikasema lakini nimezinunua. Akarudi kwenye masharti, yale marefu ambayo sote tunabonyeza tumekubali bila kuyasoma, akanionyesha mahali pameandikwa kwamba nilichonunua ni ruhusa ya kucheza, si gemu. Ruhusa hutolewa, na ruhusa huondolewa.

Nilitafuta wa kumfuata. Mnajua mimi, nimewahi kubishana na meneja wa umeme mpaka akaniletea kiti. Nipe kaunta ya kuegemea na mtu wa kumtazama machoni, nitatoka na changu. Pale hapakuwa na kaunta. Hapakuwa na namba ya simu. Nilituma barua saba, zikajibiwa na kitu ambacho Sixtus alisema si mtu. Bwana Kirit alikuwa ameshafariki, na naona ilikuwa afadhali kwangu.

Kuhusu gemu zangu sikuumia sana, mimi naweza kuanza upya mara tatu. Kilichoniuma ni ule ukuta. Watu thelathini na wanne walinipa hela zao chini ya maneno yale ya bluu. Wakaanza kuja. Wengine waligomba, hao ni rahisi, unawajibu. Mama mmoja wa Ngaramtoni aliyemnunulia mwanawe gemu ya kujifunza hesabu alisoma tu ule ukuta kwa sauti, neno kwa neno, akaondoka. Sixtus hakusema chochote kuhusu malori yake. Nilipomgusia alisema, "Ile barua niliiandika kwa mkono wangu, mzee. Nikulaumu nini?" Ningependa anitukane.

Mke wangu, mama Elisha, ndiye aliyeuliza swali la maana. Aliniuliza kati ya watu wote waliohusika kwenye jambo hilo, ni nani ninayepajua kwake. Nikafikiri. Alikuwa mmoja tu.

Nikaenda Usa River. Nyumba yao ni ya matofali, nyuma ya shamba la mboga, nikaipata kwa kuuliza mara mbili. Mama yake Naomi akanikaribisha, akaleta chai, akanitazama jinsi Bwana Kirit alivyokuwa anatazama watu. Nikamweleza Naomi yote, hata sehemu ya uwakala, ingawa hiyo niliipitia haraka. Nikamwambia angalau Shina Sitini anirudishie, maana hiyo niliinunua kwake.

Hakucheka. Akafungua kompyuta yake akanionyesha ukurasa wa mauzo yake dukani. Ununuzi wangu ulikuwepo. Chini yake palikuwa na hela ambazo bado hazijafika kiwango cha kutumwa.

"Baba Elisha," akasema, "hela yako ipo kule, na gemu yako ipo kule. Mimi na wewe tupo hapa."

Nikavuta kiti karibu na kompyuta yake.

Halafu akanifundisha, na nililipia somo hilo kwa kusikiliza tu, ambako kwangu ni bei kubwa. Kwanza, akasema, usiguse zile mashine wala kufuta kitu ndani yake. Kama Sixtus alikuwa anacheza mtandao umekatwa, basi rekodi ya malori yake iko ndani ya mashine yenyewe, kule dukani haikuwahi kufika. Pili, akasema, nyuma ya kila gemu kuna mtu. Wengine ni makampuni makubwa, hao ni ukuta. Lakini wengine ni kama yeye, mtu mmoja au watatu kwenye chumba, wana tovuti yao, wana barua pepe, na barua wanazisoma kwa sababu hawapati nyingi. Tuwaandikie.

Tulikaa siku tatu, yeye anaandika, mimi natafuta majina. Barua ya safari hii ilikuwa fupi, alinikataza kutaja mashine kumi. Tulisema ukweli: mteja huyu alilipia gemu yenu kupitia mtu aliyekosea, kaipoteza, je, mnaweza kutuuzia moja kwa moja kwa jina lake? Na watu wakajibu. Mmoja wa nchi ya baridi sana alituma gemu bure, akauliza Mlima Meru unaonekana vipi asubuhi. Nikampigia picha nikiwa nyuma ya choo cha jirani ambako ndiko unaonekana vizuri. Wawili walitoa nusu bei. Ile gemu ya hesabu ya yule mama ilitengenezwa na mtu na mkewe, walituma na salamu kwa mtoto. Watengenezaji wa gemu ya malori walikuwa wanauza pia kwenye tovuti yao wenyewe, bei kamili, bila huruma, lakini faili unalichukua linakaa kwako.

Siku Sixtus aliporudi kutoka porini nilimkalisha kwenye mashine yake. Nilikuwa nimenakili ile rekodi kwenye flashi, nikairudisha ndani ya gemu mpya. Akabonyeza. Malori arobaini yakatokea yamejipanga. Akayahesabu yote, Mchagga yule, moja moja kwa kidole. Akasema, "Moja lina pancha." Nikamwambia aende kwa fundi.

Gemu zilizobaki, za makampuni yasiyojibu, nilizinunua upya dukani. Ndiyo, dukani kule kule. Lakini safari hii kila mteja kwenye akaunti yake, barua pepe yake, nywila ameiandika mwenyewe kwenye daftari lake, mimi nimegeuka nikatazama barabara. Nyie endeleeni hivyo. Mtu akija na hela na hana kadi, mlipieni, lakini kabatini kwenu kisibaki kitu. Na kama gemu inapatikana kwa aliyeitengeneza, anzeni kwake, hata kama ni ghali kidogo. Flashi zake ziwe mbili, moja ikae dukani na nyingine nyumbani kwa mteja, na isiwe kwenye mfuko wa suruali. Nina gemu tatu zilizofuliwa na mama Elisha. Mtengenezaji mdogo naye anaweza kupotea, hilo mjue. Duka litawaletea marekebisho usingizini, yeye mpaka umkumbushe. Nimefanya biashara pande zote mbili na nasema hivi: duka ni zuri kwa kununua, si kwa kutunzia.

Ile rangi ya bluu ukutani niliifuta, akaja mchoraji yule yule, nikamwambia aandike: MALI YAKO IKAE KWAKO. Alidhani nimechanganyikiwa. Wateja wote thelathini na wanne walirudi, yule mama wa Ngaramtoni wa mwisho, akasoma tena kwa sauti, akakaa.

Ili kutimiza neno langu niliuza pikipiki. Sikumkopa mtu na sikumpunguzia mteja hata mmoja. Milioni mbili na laki moja ilikwenda kwa wateja, na gemu zangu mwenyewe nikazisamehe, isipokuwa moja. Siku ya mwisho ya zile barua nilimwambia Naomi aniuzie Shina Sitini, yeye mwenyewe, hapo mezani. Nilidhani baada ya kazi yote ile atasema chukua bure, na ningekataa, nilikuwa nimeshaandaa maneno. Hakusema. Alitaja bei ile ile ya siku ya kwanza, akahesabu noti, akaniandikia risiti kwa mkono, akaweka jina langu kwenye ubao wa wafanyakazi: Zebedayo, meza ya nne. Iko hapa nyumbani, kwenye kabati la kweli lenye mlango, na inafunguka hata mtandao ukikatika dunia nzima. Kwa hiyo mkisikia watu wa Sakina wanasema mzee alipoteza milioni kumi, waambieni waache uongo. Ilinigharimu shilingi milioni mbili, laki moja na elfu kumi na tano.